Mrejesho: ile wiski ya moshi nimeionja

Jamani, wiki mbili zilizopita niliuliza kama Dorado, wiski ya Whiskey Del Bac ya hapa Tucson, Arizona, itanikera kama zile za Islay, kisiwa cha Uskoti, zenye harufu ya dawa ya hospitali. Wengi mlisema nisithubutu. Jana nimefungua chupa.

Dawa haimo hata kidogo. Shayiri yake haitiwi moshi wa udongo wa kinamasi kama kule Uskoti, bali wa kuni za mesquite, na mti huo ni ndugu wa mathenge wetu wa Baringo. Nilipoinusa tu nikawa Marigat, kulekule Baringo: jiko la makaa, mbuzi anageuzwa, mafuta yanadondoka chwaa! Mdomoni inaanza na utamu, kama asali iliyoungua kidogo, kisha moshi unaingia taratibu na hauondoki. Kilevi ni asilimia 45. Aliyenishauri matone ya maji, asante sana. Barafu niliijaribu, ikaua kila kitu.

Shemeji aliingia sebuleni akauliza nani kachoma nyama. Bei imeniuma, sikatai. Chupa ya pili ingoje mshahara.