Umeme wa kuchochea ubongo kwa waliopoteza usemi baada ya kiharusi: tununue vifaa au tuajiri wataalamu kwanza?

Mtoa mada: Wakuu, kuna tiba ya kupitisha umeme mdogo kichwani wakati mgonjwa wa kiharusi anafanya mazoezi ya kuongea. Watafiti wa South Carolina walichapisha matokeo 2018, wagonjwa 74, na waliopata umeme walipanda kwa asilimia 70 zaidi ya wasioupata. Kwa nini hospitali zetu za rufaa zisinunue? Kifaa chenyewe ni betri, nyaya na sponji mbili!

Mzee wa Korogwe: Asilimia 70 ya nini? Waliopata umeme waliongeza maneno kama 14 kwenye kutaja picha, na wenzao ambao kifaa chao kilizimwa bila wao kujua wakaongeza 8. Tofauti ni maneno sita, mkuu. Wote walifanya mazoezi yale yale, vipindi 15, na hayo mazoezi ndiyo tiba. Hapa atayafanya nani? Wataalamu wa tiba ya usemi ni wa kuhesabu. Na nyumbani mnawakalisha wazee mbele ya televisheni kutwa, wakwe mko na simu, halafu mnataka mashine.

Mama Pendo: Mkwe unayemsema ni mimi. Baba mkwe namwogesha, namlisha, usiku namgeuza. Wanawe wanakuja sikukuu na machungwa, wanampigia kelele kama kiziwi, dakika kumi wameondoka. Hiyo simu ndiyo ninayomwonyeshea picha. Juzi kikombe alikiita "kesho". Nikamwanzia "ki...", akamalizia mwenyewe. Uniombe radhi.

Kijana wa Mbagala: Dada punguza hasira, ila akili ikishaondoka imeondoka. Mjomba wangu hata jina lake hasemi.

Nesi Mstaafu: Hapo nakukatalia kabisa. Afasia, yaani huku kupoteza usemi, si kurukwa na akili. Mtu anajua anachotaka, neno ndilo halitoki. Mwanzishie mjomba wako wimbo wa kanisani anaoujua. Wapo wanaomaliza ubeti mzima na kuomba maji hawawezi. Ukimwuliza kitu, unamsubiri ajibu au unamjibia?

Kijana wa Mbagala: Dawa zake za presha nanunua mimi kila mwezi. Usinifundishe kumpenda mjomba wangu.

Mama Pendo: Hela unatuma. Anakaa na nani?

Mtoa mada: Jamani, mada ni vifaa. Vyote viwili haviwezekani?

Mzee wa Korogwe: Cochrane, wale watafiti wanaopitia tafiti za tiba, walikusanya majaribio 21 ya umeme huu mwaka 2019. Kutaja majina ya vitu kulipanda kidogo, kwenye mazungumzo ya kawaida hawakupata ushahidi. Mimi hela ningeajiri watu. Na dada, sikukusema wewe, nilisema wale wazembe.

Mama Pendo: Ulisema wakwe, na watoto wa kiume hukugusa hata mmoja. Shemeji yangu anakaa mtaa wa pili. Ashike zamu ya jioni, hata nusu saa ya picha na mzee, ndipo tuzungumze habari ya uzembe.