Kitengo chetu kinahamishiwa nje, nisaini karatasi za wakala au niondoke? Naombeni ushauri

Wakuu habari zenu. Nina miaka 26, huu mwaka wa tatu napokea simu za wateja kwenye kampuni moja. Wiki iliyopita tuliitwa kikao tukaambiwa kitengo kinahamishiwa nchi nyingine, watakaobaki ni wachache na watakuwa chini ya wakala wa ajira, kazi ile ile meza ile ile ila mshahara unapungua karibu theluthi na mkataba unakuwa wa miezi mitatu mitatu. Na kila jioni nawafundisha kwa vidio hao hao wanaochukua kazi. Wenzangu waliotangulia kwa wakala wamebadilishiwa hadi kamba ya kitambulisho, yetu bluu yao kijivu, ukipishana nao kwenye korido unajua huyu hana muda, inauma sana. Nimepewa barua mbili, ya kuacha kazi kwa hiari na ya kujiunga na wakala, Ijumaa niwe nimesaini. Nifanyeje?

Mchangiaji 1: Mdogo wangu hiyo ya kwanza usiiguse. Kuacha mwenyewe na kupunguzwa ni vitu viwili tofauti, ukipunguzwa sheria za nchi nyingi zinakupa notisi na kiinua mgongo, ukisaini umeacha kwa hiari umewasamehe. Mimi nilisaini kwa presha, miaka saba ya kazi nikaondoka na hela ya siku nilizofanya mwezi ule basi.

Mchangiaji 2: Na huyo wakala akikuomba hela ya fomu kimbia. Mkataba wa ILO, Shirika la Kazi Duniani, namba 181 wa mwaka 1997, ibara ya 7, kimsingi unakataza wakala kumtoza mfanyakazi, japo sio nchi zote zimeuridhia. Angalia pia ukiumia kazini au mshahara ukichelewa unamdai nani, hapo ndo watu wanapigwa danadana.

Mchangiaji 3: Jamani ana kodi ya kulipa huyu. Dai barua ya kupunguzwa, kwa wakala ingia huku unatafuta kwingine. Kinachonisikitisha kazi zinazopelekwa nje ni hizi hizi za kuanzia, simu, kuingiza data, ndo mlango wa vijana, halafu matangazo yanataka uzoefu wa miaka mitatu, wataupatia wapi?

Mleta uzi: Nashukuru sana wakuu. Ya kuacha sisaini, kesho naomba ya kupunguzwa kwa maandishi. Halafu kijana ninayemfundisha jana aliniuliza kama na huku mikataba ni ya miezi mitatu, kumbe na yeye yuko chini ya wakala.