Mrejesho: Taa ya oili baada ya injini kufanyiwa ovahoo (kufunguliwa na kutengenezwa upya)

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini taa ya oili, ile inayoonya presha ya oili ikishuka, iliwaka katika gari yangu ya abiria ya dizeli, iendayo Chake Chake na Wete, kila injini ilipopata moto na kuachwa ingurume bila kukanyagwa mafuta. Mlinishauri nisinunue pampu kabla ya kupima presha kwa geji, na ushauri huo ulikuwa wa thamani kubwa: taa ilisema kweli, kwani geji ilisoma paundi 5 tu kwa inchi ya mraba. Beringi za krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) zilipimwa zikaonekana salama. Valvu ya kupunguzia presha, ile inayofunguka kuachia oili presha ikizidi, ndiyo iliyozuiwa isifunge na chembe ya chuma, yamkini iliyobaki krenki ilipochongwa; oili ya baridi, kwa uzito wake, ilificha uvujaji huo. Tumesafisha njia zote na kubadilisha filta. Sasa geji inasoma paundi 22, injini ikiwa moto.