Kikundi cha familia, Nguba (Bukavu): vunjajungu kwenye lenga-lenga (mchicha)

Mama Neema: Jambo familia. Watoto wamekuta huyu mdudu kwa bustani ya lenga-lenga. [Picha] Jirani anasema ana sumu, tumuue mbiyo mbiyo. Neema analia, hataki auawe. Tufanye nini?

Koko: Musimuue. Huyo ni vunjajungu. Tangu nianze kulima sijaona amemdhuru mtu.

Tonton Déo: Koko ana haki. Hana sumu, hana mwiba wa kuchoma. Akikasirika atakubana kidole na ile miguu ya mbele, ina meno kama msumeno. Utashtuka, basi.

Bahati: Tonton, mbona ananiangalia? Nikienda huku, kale kadoa keusi ka jicho kananifuata!

Tonton Déo: Kale kadoa si mboni. Jicho lake ni vijicho vidogo vingi sana, kila kimoja na upande wake. Vile vinavyoelekea kwako moja kwa moja vinameza mwanga, ndiyo maana unaviona vyeusi. Ukisogea, zamu inakuwa ya vingine. Lakini kukuangalia anakuangalia kweli, na kichwa anaweza kukigeuza mpaka nyuma ya bega.

Tonton Déo: Tena anapima umbali kwa macho mawili, vile sisi tunafanya. Kule Uingereza, watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle walimbandikia vunjajungu vimiwani vya 3D kwa nta ya nyuki, kila jicho lione picha yake, wakamwonyesha picha ya kadudu kanatembea kwenye skrini. Walitangaza matokeo mwaka 2016. Picha ikiwa bapa, anatulia. Kadudu kakionekana kamemkaribia, anarusha mikono akakamate. Mimi hiyo kazi naipenda sana.

Mama Neema: Neema anataka kumshika sasa.

Tonton Déo: Amshike, lakini asimbane tumbo. Aweke kiganja mbele yake, wewe umguse polepole nyuma na jani, atapanda mwenyewe. Mkono ukae chini karibu na udongo. Jike mwenye mayai ana tumbo zito, akianguka kwenye saruji anaweza kupasuka. Akiinua mabawa na kufungua mikono, ameogopa, mumwache.

Tonton Déo: Na siku mukimkuta ananing'inia kichwa chini, ametulia tu, musimguse hata kidogo. Pengine anavua ngozi. Akianguka saa hiyo, miguu inaweza kubaki imepinda.

Yaya Aline: Ni kweli jike anakula dume?

Tonton Déo: Inatokea, si kila mara. Jike mwenye njaa ndiye wa kuogopa. Dume hata akishakatwa kichwa anaweza kuendelea na kazi yake. Koko unisamehe.

Koko: Nimefuga kuku na mbuzi, sema tu.

Mama Neema: Basi atatumalizia viwavi vya lenga-lenga?

Tonton Déo: Atakula viwavi, panzi, nzi. Lakini hachagui, mama. Nyuki akipita anamla, kipepeo pia. Musimtegemee kama dawa ya bustani.

Bahati: Na hii kwenye mti wa mapera? [Picha] Ni povu limekauka. Papa amesema tukate hilo tawi leo.

Tonton Déo: Musikate kwanza!! Hayo ni mayai yake. Jike anatoa povu, linakauka linakuwa gumu, mayai yanabaki ndani, makumi, pengine zaidi ya mia. Vitoto vinatoka pamoja, umbo la mama yao, ila bila mabawa.

Papa Bahati: Déo, tawi linagonga bati kila upepo ukivuma. Siwezi kuliacha.

Tonton Déo: Nakuelewa, kaka. Kata, lakini kipande chenye povu ukifunge kwenye tawi lingine, kielekee vile vile kilivyokuwa. Utafute mahali sisimizi hawapiti sana. Vitoto vikitoka, viwe na nafasi ya kutawanyika, maana vikibanana vinakulana.

Yaya Aline: Na wale wanaokuja kwenye taa usiku?

Tonton Déo: Wengi ni madume, wao ndio wanaruka sana. Vunjajungu wengi wana sikio moja, liko chini ya kifua. Linasikia sauti ya popo ambayo sisi hatuisikii. Popo akikaribia, vunjajungu anajiangusha chini mbiyo.

Bahati: Na kile kipande chenye povu, nikifunge na kamba ya mgomba?

Tonton Déo: Inafaa. Funga kwenye mti, usikaze juu ya povu.

Papa Bahati: Sawa. Bahati, leta panga na ngazi, niko nakuja.