Kustaafu na kubaki jiji kubwa: katikati, mtaa wa zamani au pembezoni?

Mpangaji_Miaka60

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mimi na mwenzangu tunakaribia kustaafu na tumekubaliana kubaki jijini. Tuna njia tatu mezani:

(a) Fleti ya vyumba viwili katikati ya jiji, ghorofa ya saba, ina lifti.
(b) Kubaki mtaa tunaoishi sasa, nyumba ya kupanga ghorofa ya pili, haina lifti, ila majirani tunafahamiana.
(c) Nyumba ya chini yenye uwanja, pembezoni mwa jiji, lazima uwe na gari.

Tuna afya njema na gari tunaendesha wote wawili. Kiinua mgongo kinatosha kununua (a) au (c), lakini kitabaki kidogo. Watoto wako pande mbili tofauti za jiji. Naomba vigezo vya kupima, si maneno ya jumla kwamba "tafuta pazuri penye utulivu". Tupime nini, kwa namna gani, na wapi watu huwa wanakwama?

RulaNaFutikamba

Marahaba. Kosa linaloanza mapema ni kuchagua nyumba inayomfaa mtu wa miaka 60 mwenye gari. Chagueni inayomfaa mtu wa miaka 80 asiyeendesha, kisha muone kama wa 60 ataipenda. Kinyume chake hakiwezekani bila kuhama tena, na kuhama ukiwa na miaka 80 kunachosha kuliko kitu kingine chochote kwenye orodha yenu.

Kwa hiyo kabla ya kuangalia vyumba, pimeni njia ya kutoka mlangoni hadi sehemu nne: kituo cha basi, duka la dawa, soko au duka la vyakula, na mahali pa kukaa na watu (nyumba ya ibada, bustani, klabu, chochote mnachokipenda). Kijana hutembea mita 1.2 kwa sekunde au zaidi, ila mzee kwa kawaida ni kama mita 0.8. Mita 400 kwake ni dakika 8 na sekunde 20 kwenda, na kurudi ana mzigo. Ikizidi hapo, atapunguza safari taratibu bila kumwambia mtu.

Tembeeni njia hiyo kwa mwendo wa 0.8 na muangalie mambo haya. Kuna pa kukaa kila baada ya mita 100 hadi 150? Ukuta mfupi nao ni kiti. Njia ya waenda kwa miguu ni ya watu kweli, au imeshakuwa maegesho ya pikipiki na meza za biashara? Mvua ikinyesha maji yanasimama wapi? Nendeni siku ya mvua mkaone kwa macho, maana wakati wa kiangazi mitaro yote inaonekana mizuri.

Halafu barabara kubwa. Chukua simu, pima sekunde za taa ya kijani ya waenda kwa miguu. Barabara ya mita 14 kwa mwendo wa 0.8 inataka sekunde 17.5. Taa nyingi zimepangwa kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde, yaani chini ya sekunde 12. Maana yake mzee anaachwa katikati ya barabara, magari yameshaanza kuondoka. Kama hakuna taa wala kisiwa cha kusimama katikati, duka lililo ng'ambo lihesabuni kwamba halipo.

Sasa jengo. Kwa (a), ghorofa ya saba siyo shida ikiwa lifti ni mbili na jenereta inazibeba. Lifti ikiwa moja, siku inafunguliwa kwa matengenezo nyinyi ni wafungwa: ghorofa moja ya mita 3 ni ngazi 17 au 18, zidisha mara saba. Ingieni ndani ya lifti na futikamba. Chumba cha lifti cha sentimita 110 kwa 140 kinabeba kiti cha magurudumu na msukumaji mmoja. Machela haiingii. Machela inataka kina cha kama sentimita 210. Msidanganywe na kilo zilizoandikwa ukutani, kwa sababu lifti ya kilo 1,000 inaweza kuwa pana na fupi. Pimeni kina.

Milango ya ndani iwe na uwazi wa sentimita 80 angalau, ukipima kati ya bawa lililofunguliwa na fremu, si fremu kwa fremu. Mlango wa bafu ndio huwa mwembamba kuliko yote, na hapo hapo ndipo watu wanaanguka.

ZamuYaUsiku

Naongezea la afya, maana watu wanasema "pawe karibu na hospitali" wanaishia hapo. Hospitali ipi? Kiharusi cha damu kuganda kina dawa ya kuyeyusha donge, lakini kwa kawaida inatolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na haitolewi kabla ya kupiga picha ya ubongo kuhakikisha si damu inayovuja. Zahanati iliyo mita 200 bila mashine ya CT, ile ya kupiga picha hiyo, haisaidii hapo, na inaweza kuwapotezea muda. Ulizeni mambo mawili: CT inafanya kazi usiku na mwisho wa wiki? Daktari wa kuisoma yupo au anaitwa kwa simu? Baada ya hapo pimeni mwendo wa gari saa za foleni, si alfajiri.

Jambo moja linasahaulika. Saa hizo zinahesabiwa kuanzia mara ya mwisho mtu kuonekana mzima. Anayeishi peke yake akiamka na mkono umelegea, saa yake imeanza alipolala. Ndiyo maana jirani anayegonga mlango asubuhi ni kigezo cha afya kabisa, na hapo chaguo (b) lina nguvu, msiidharau.

Kwa mahitaji ya kila wiki ni hesabu tofauti. Presha, sukari na macho vinataka kliniki ndogo unayofika kwa miguu au kwa basi moja. Hospitali kubwa ikiwa dakika 30 inatosha.

Bafu: angalieni mlango unafungukia upande gani. Ukifungukia ndani, aliyeanguka anauziba kwa mwili wake na wa nje hawezi kuusukuma bila kumuumiza. Geuzeni ufungukie nje, au wekeni wa kuteleza, na kitasa kiwe kile kinachofunguka kwa nje kwa sarafu. Kiti cha choo kiwe na urefu wa sentimita 43 hadi 48. Chuma cha kushikia kifungwe kwenye ukuta wa tofali au zege, si kwenye ukuta wa jipsamu usio na ubao nyuma. Gongeni ukuta: ukilia mtupu, hapo skrubu itang'oka siku mtu anapokihitaji chuma hicho. Chuma cha kuanikia taulo si cha kushikia, kiondoeni kabisa kisije kikashikwa.

Mwisho ni mwanga. Jicho la miaka 60 linapokea kama theluthi moja ya mwanga unaopokelewa na jicho la miaka 20. Korido na ngazi za jengo ziangalieni usiku.

HesabuKwanza

Tuzungumze pesa, ndipo wastaafu wengi wanapobanwa bila kelele.

Kupanga: chukua 72 ugawe kwa asilimia ya ongezeko la kodi kwa mwaka, unapata miaka ambayo kodi itakuwa mara mbili. Kodi ikipanda asilimia 6 kila mwaka, ni miaka 12. Ikipanda 9, ni minane. Kama pensheni yenu haipandi na mfumuko wa bei, kodi inayokula asilimia 30 ya pensheni leo itakula 60 mkiwa na miaka sabini na kitu. Kwa hiyo kwa (b) msiulize kodi ya sasa tu. Tafuteni mkataba mrefu wenye kiwango cha ongezeko kilichoandikwa, na notisi ya kuhama isiyopungua miezi sita.

Kununua fleti: bei si mwisho. Ombeni hesabu za jengo za miaka mitatu na mihtasari ya vikao vya wamiliki. Mnatafuta nini humo? Mfuko wa akiba una kiasi gani, wangapi hawalipi ada ya huduma, na lifti ina umri gani. Lifti huhitaji kubadilishwa au kufumuliwa upya ikifikisha miaka 20 hadi 25. Jengo la fleti 12 linagawana gharama hiyo kwa 12, la fleti 60 kwa 60. Mfuko ukiwa mtupu, mtaandikiwa mchango wa ghafla, na mstaafu hana mshahara wa kukopea. Uongozi ukikataa kuonyesha hesabu, ondokeni.

Pia someni kanuni za mfuko wenu wa pensheni: mmoja akifariki, anayebaki anapata kiasi gani? Pigeni bajeti ya nyumba kwa kiasi hicho, si kwa pensheni mbili. Ikishindikana, nyumba hiyo ni ghali kwenu hata kama leo mnaimudu.

Kiinua mgongo chote kisiingie ukutani. Nyumba haiuziki kwa wiki moja mtu akiwa amelazwa.

UwanjaMpana

Naona (c) inapigwa pande zote, nami naomba itendewe haki. Nyumba ya chini haina ngazi wala ada ya lifti, mjukuu ana pa kuchezea, na msaidizi wa kulala humo ana chumba. Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilipendekeza kelele za magari usiku zisizidi desibeli 45, na katikati ya majiji makubwa kiwango hicho ni kigumu kukipata. Usingizi nao ni afya. Ila rampu wekeni mapema: kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za urefu, hivyo kizingiti cha sentimita 45 ni rampu ya mita 5.4.

RulaNaFutikamba

@UwanjaMpana hoja ya kelele ni ya kweli, na dawa yake kwa (a) ni vyumba vya kulala vinavyotazama uani badala ya barabarani. Lakini gari ndilo linaloiangusha (c). Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulikadiria kwamba wanaume huishi miaka 6 hivi baada ya uwezo wao wa kuendesha kuisha, wanawake kama 10. Miaka yote hiyo mtu yuko pembezoni anasubiri kubebwa. Kama pembezoni hapo kuna basi kila dakika 15 na kituo kiko ndani ya mita 400, nabadilisha msimamo.

Mpangaji_Miaka60

Asanteni sana wote. Na watoto je? Tuwafuate?

ZamuYaUsiku

Msihamie mlangoni kwa mmoja. Kazi zao zitawahamisha na nyinyi mtabaki mtaa msioujua. Tafuteni sehemu ambayo wote wawili wanafika bila kubadilisha basi zaidi ya mara moja.

Kabla ya kusaini chochote, pangeni kwa miezi mitatu ndani ya jengo mnalolitaka au la jirani, na mmoja wa miezi hiyo uwe wa mvua kubwa au joto kali. Wiki mbili za mwisho funguo za gari ziwekeni kabatini, muishi bila gari kabisa.

HesabuKwanza

Na hiyo miezi mitatu, siku umeme unapokatika angalieni maji. Kila mita 10 za kimo zinataka presha ya kama bar 1, kwa hiyo pampu ikisimama ghorofa ya saba haipati hata tone, isipokuwa tangi liko juu ya paa. Ulizeni tangi ni lita ngapi na linahudumia fleti ngapi, kisha mpande mkalione.