Kifungu cha 197 na lazima ya adhabu ya kifo: jaji aendelee kufungwa mikono?

Mtoa hoja (mwalimu mstaafu)

Nimewahi kuwa mzee wa baraza, yaani raia anayekaa na jaji na kumpa maoni, katika kikao cha kesi za mauaji, enzi ambazo sheria ilimlazimu jaji wa Mahakama Kuu kukaa na sisi. Kesi moja haijanitoka kichwani. Vijana wawili walikwenda kuiba dukani usiku. Mmoja aliingia na kisu, mwenzake akabaki nje ameshika baiskeli. Mwenye duka akapiga kelele, akachomwa, akafa njiani kupelekwa hospitali.

Nilipoulizwa maoni yangu nilisema wote wawili wana hatia. Sheria yetu inatambua nia ya pamoja: mkitoka kwenda kufanya uhalifu, na katika uhalifu huo mtu akafa kwa namna ambayo mngeweza kuitarajia, kifo hicho ni chenu nyote. Maoni yale siyajutii hata leo.

Linaloniuma ni lililofuata. Katika kesi ya wizi wa kuku, mtu akishatiwa hatiani hakimu humuuliza ana nini cha kusema kabla ya adhabu. Atasikiliza umri wake, watoto alionao, kama ni kosa lake la kwanza. Siku ile mama wa kijana wa baiskeli alikuwa ameketi nyuma yangu, na hakuna neno lolote ambalo mwanawe au wakili angelisema likabadilisha kitu. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kina adhabu moja tu kwa aliyeua kwa kukusudia, nayo ni kifo. Wanaosalimika ni mwanamke mjamzito na aliyekuwa hajatimiza miaka 18 alipotenda kosa. Basi aliyeshika kisu na aliyeshika baiskeli wakasomewa maneno yale yale: kunyongwa hadi kufa.

Naomba tujadili hilo neno "lazima". Wanaotaka adhabu ya kifo ifutwe kabisa wana hoja yao, na sitawazuia kuisema, ila mimi leo nasimama hapo tu. Jaji aachiwe kupima.

Mchangiaji kutoka Shinyanga

Shikamoo mwalimu. Nimesoma nikatetemeka, kwa sababu umeandika habari ya mama wa mshtakiwa, wa mwenye duka hukumtaja.

Bibi yetu aliuawa kwa mapanga. Walisema ni mchawi kwa kuwa macho yake yalikuwa mekundu, macho ya mwanamke aliyepika kwa kuni miaka sitini. Waliolipwa kumuua walikula chakula kijijini kwetu siku hiyo hiyo. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliketi Kahama ikahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mtoto mwenye ualbino, na huku kwetu watu walipumua. Lakini mpaka leo hakuna aliyenyongwa nchi hii tangu 1994. Rais Magufuli alisema hadharani mwaka 2017 kwamba asipelekewe orodha ya watu wa kunyongwa ili aisaini. Sasa hata ile hukumu yenyewe mnataka kuilegeza?

Na mniambie hili: jaji akiachiwa kupima, mwenye fedha atashindwa kununua mizani? Afadhali sheria isiyochagua.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Pole sana ndugu wa Shinyanga. Kwetu Kenya, Mahakama ya Juu iliondoa ulazima huo tarehe 14 Desemba 2017. Haikufuta kifo. Ilisema tu kwamba mtu hawezi kuhukumiwa bila kusikilizwa kuhusu adhabu yake. Waliohukumiwa kwa mauaji wakaanza kurudi mahakamani kupangiwa adhabu upya, na wapo waliorudishiwa kifo kile kile. Mwaka 2021 mahakama hiyo hiyo ikafafanua kuwa uamuzi ule ni wa kesi za mauaji pekee, haugusi wizi wa kutumia nguvu. Uganda walikuwa wametutangulia, mwaka 2009.

Mchangiaji (wakili, Dodoma)

Hoja ya kununua mizani ni nzito, nami sitaipuuza. Lakini tuangalie mizani iko wapi sasa hivi. Kuua bila kukusudia kuna adhabu isiyozidi kifungo cha maisha, na chini ya hapo jaji yuko huru: anaweza kutoa miaka thelathini, anaweza kutoa miwili. Kwa hiyo hatima ya mtu inaamuliwa siku shitaka linapoandikwa, au siku upande wa mashtaka unapokubali kulipunguza ili mshtakiwa akiri. Uchaguzi upo tayari, ila unafanyika ofisini, ambako familia ya marehemu haiingii. Mimi naona heri ufanyike mahakamani, kwa sababu zilizoandikwa, ambazo upande wowote unaweza kuzikatia rufaa.

Tena hili si jipya. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya aliamua hapa Dodoma kwamba adhabu ya kifo inakiuka Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ikaubatilisha uamuzi wake, lakini ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inatweza utu. Iliiokoa kwa ibara ya 30 ya Katiba, inayoruhusu haki kuwekewa mipaka kwa maslahi ya umma. Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyopo Arusha, ndani ya nchi yetu wenyewe, ilisema ulazima huu unavunja haki ya kuishi. Ikaipa serikali mwaka mmoja kuuondoa.

Mchangiaji kutoka Pemba

Mimi naongeza moja. Wengi hutetea kifungu hiki kwa kusema dini imeamuru kisasi. Kisasi katika fiqhi, sheria ya Kiislamu, kina mlango: ndugu wa aliyeuawa wana haki ya kusamehe au kupokea dia, yaani fidia ya damu. Wao ndio wanaoulizwa. Kifungu cha 197 hakimuulizi yeyote, hata huyo ndugu wa Shinyanga mwenye msiba.

Mchangiaji kutoka Shinyanga

Hilo la Pemba limenigusa. Kweli, hatukuulizwa. Tuliitwa kutoa ushahidi, tukarudishiwa nauli, basi. Lakini mwalimu hajanijibu. Ungeulizwa wewe, ungewapa nini wale wawili?

Mtoa hoja

Marahaba mwanangu, na pole. Umenisahihisha kwa haki: mama wa mwenye duka alikuwepo, alikaa benchi la mbele siku zote za kesi, na nilipaswa kuanza naye. Sikuombi uwasamehe waliomuua bibi yako. Kama jaji angepima kesi yao, mauaji ya kukodiwa, ya mzee asiye na kosa, sioni ni kitu gani kingewapunguzia.

Wale wa duka ningewatenganisha. Mwenye kisu, kifungo cha maisha. Wa baiskeli, miaka kumi na mitano. Na kabla ya kutaja miaka hiyo ningetaka mama wa marehemu apewe nafasi ya kusema, maana huenda angenibadilisha. Sikukusudia kuyasema hayo popote. Mzee wa baraza haulizwi adhabu. Lakini jioni ile niliyaandika kwenye daftari langu, na ukurasa huo ninao mpaka leo.