Masika yameingia: dereva wa pikapu aruhusiwe kuzima trakisheni, au tajiri ana haki ya kumkataza?

MLETA MADA
Tajiri ninayemwendeshea amebandika karatasi kwenye dashibodi: "Marufuku kuzima trakisheni," yaani ule mfumo unaozuia magurudumu yasizunguke bure. Kumbe si yeye peke yake, nimeulizia Mwembe Tayari hapa Mombasa, wenye pikapu za kukodisha kadhaa wameshafanya hivyo tangu mvua zianze. Madereva wananung'unika, matajiri wanasema ni usalama. Nauliza waziwazi: nani aamue, mwenye pikapu au aliyeshika usukani?

Mimi nasema kwenye lami karatasi hiyo ni haki, kwenye matope ni upuuzi. Na ugomvi wenyewe naona unatokana na watu kutojua trakisheni kontroli huingia kazini saa ngapi. Haiingii kwa sababu mvua inanyesha, mvua haiijui. Kila gurudumu lina sensa, zilezile zinazotumiwa na ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapofunga breki, na kazi yake ni kupima gurudumu linazunguka kwa kasi gani. Magurudumu yanayosukuma pikapu yakianza kuzunguka upesi kuliko mengine, kompyuta inajua hayashiki barabara. Hapo hulibana breki gurudumu linalozunguka bure, au hupunguza nguvu ya injini, au yote mawili, na ile taa ya gari lenye michirizi nyuma yake humweta. Kwa hiyo taa ikimweta, umeshateleza. Si onyo la kitakachokuja.

Pikapu tupu ndiyo hatari zaidi. Nyingi husukumwa na magurudumu ya nyuma, na nyuma hakuna uzito. Tena dizeli yenye tabo hutoa nguvu nyingi hata injini ikiwa haijapanda mizunguko. Shuka feri ya Likoni maji yakiwa kupwa: chini unakanyaga chuma kilicholowa, mbele yako zege lililotoka majini sasa hivi. Gia ya kwanza, mguu mzito, taa lazima imwete.

DEREVA WA MBOGA, KONGOWEA
Ndugu yangu, hapo feri ndipo hasa ninapoizima! Wewe waandika kama uliyekaa kibarazani. Watu wanapanda kwa miguu kulia na kushoto, nyuma lori limenigandia, nakanyaga mafuta na pikapu yanyongwa katikati ya mwinuko kama mtu aliyekabwa koo. Nikizima, tairi zapiga kelele lakini napanda. Nikirudi nyuma nikamgonga mtu, hiyo karatasi ya tajiri itanisimamia kortini?

MLETA MADA
Haikunyongwa bure. Ilinyongwa kwa sababu tairi zilikuwa zinazunguka papo hapo. Ukizima, zinaendelea kuzunguka, na tairi inayozunguka bure haishiki mbele wala ubavuni. Siku mkia ukikimbilia upande, utawafuata haohao wanaopanda kwa miguu. Jaribu gia ya pili, mguu mwepesi, klachi polepole. Halafu nijibu: tairi zako za nyuma zikoje?

DEREVA WA MBOGA, KONGOWEA
Kipara. Na tairi hununua tajiri, si mimi.

MWENYE PIKAPU NNE, SHIMANZI
Nimesoma nikaona nijibu, maana karatasi nami nimebandika. Dereva wangu alipeleka mbao pwani ya kusini, akazima kwenye mchanga, akasahau. Akarudi na pikapu tupu kupitia Dongo Kundu, kufika upande wa Changamwe mvua ikaanza kudondoka. Barabara ile inajulikana: mafuta ya malori ya makontena na vumbi la wiki nzima, na matone ya kwanza yanageuza vyote hivyo kuwa mlenda. Kwenye mzunguko alikanyaga kidogo tu, pikapu ikageuka ikatazama ilikotoka. Hakuumia mtu, lakini ubavu mzima ulikwenda kwa mnyooshaji bodi.

Kuna jingine vijana hawalijui. Kwenye pikapu nyingi ukibonya kitufe mara moja unazima trakisheni tu. Ukikishikilia sekunde chache, unazima pia ule mfumo unaozuia gari lisiserereke ubavu. Huo si wa mapambo. Ulianza kwenye Mercedes mwaka 1995, na Marekani ikaulazimisha kwa magari yote mepesi, pikapu zikiwemo, kuanzia matoleo ya 2012. Mimi niache mtu auzime kwa kuwa ana haraka ya kuwahi soko?

MKAZI WA KWALE
Mzee wa Shimanzi, shikamoo. Njoo siku moja huku Shimba Hills baada ya mvua ya usiku, kwenye udongo mwekundu. Mlima wa matope hupandwa kwa mwendo. Trakisheni ikianza kukata nguvu, mwendo unaisha, na mwendo ukiisha umelala hapo mpaka trekta lije. Hata vitabu vya watengenezaji vinaelekeza: ukikwama kwenye tope au mchanga, zima ujinasue, kisha washa. Na pikapu kadhaa ukiingiza forwili ya chini, ile gia nzito ya magurudumu manne, huizima trakisheni zenyewe. Sasa karatasi yako inaikataza hata kompyuta?

MCHANGIAJI MWINGINE
Pikapu yangu haina hata kitufe cha redio. Mnabishana mambo ya matajiri.

FUNDI, CHANGAMWE
Huyo wa redio ana hoja. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, lakini pikapu zilizoingia zamani bado ziko barabarani tele na hazina mfumo huu. Huyo mguu wake ndio trakisheni yake.

Kwa wenye nayo, naletewa kesi za aina tatu. Wa kwanza anasema taa inamweta barabara ikiwa kavu. Natazama tairi: moja mpya, moja imekwisha, ya tatu saizi nyingine kabisa. Tairi ndogo huzunguka mara nyingi zaidi kwa mwendo uleule, kompyuta inadhani inateleza, inaifinyia breki. Wa pili taa imewaka moja kwa moja, haimweti. Huyo ama amezima mwenyewe, ama ana hitilafu. Mara nyingi ni sensa iliyojaa tope au waya uliokatika nyuma ya gurudumu. Hapo karatasi ya tajiri ipo na trakisheni haipo. Wa tatu amehangaika kwenye mchanga muda mrefu bila kuizima, breki zimepata moto, mfumo umejizima wenyewe ili kuziokoa. Anakuja kulalamika imeharibika. Ikipoa inarudi.

Na msidanganyane kwamba inasaidia kufunga breki. Unapofunga breki, anayefanya kazi ni ABS. Trakisheni ni ya kuondoka na kukanyaga mafuta basi.

MLETA MADA
Basi karatasi iandikwe upya: kwenye lami usiguse, feri ikiwemo. Ukikwama kwenye tope au mchanga zima, na ukirudi kwenye lami washa, hata kama ni kuzima injini na kuiwasha tena. Pikapu nyingi hurejesha zenyewe. Na mstari wa mwisho umhusu tajiri: tairi kipara haitoki getini. Dereva hawezi kukatwa mshahara kwa kitufe huku anapandishwa feri na tairi zinazong'aa.

MWENYE PIKAPU NNE, SHIMANZI
Huo mstari wa mwisho umeninyooshea mimi kidole. Haya, za nyuma mbili kwa kila pikapu nitanunua kabla mwezi haujaisha.

FUNDI, CHANGAMWE
Saizi ileile ya mbele, tajiri. La sivyo tutaonana tena hapa kwa ile taa ya barabara kavu.